Vijidudu Ninaowalisha

9 Februari

Kwako Kiherehere,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi na mama yako, maana nyumba nzima ni sisi wawili na kuku mmoja aliyegoma kutaga. Hatujambo. Mvua imenyesha wiki yote na bati la jikoni limerudia mchezo wake, basi nimetega sufuria chini. Mama yako anasema sasa hata usingizi wake unafuata mdundo wa matone. Asubuhi, akishajidunga sindano yake ya kisukari, anakaa mlangoni na kuniuliza, "Huko kwake saa hizi ni saa ngapi?" Nikimjibu anauliza tena, "Atakuwa amekula?" Hilo sasa mimi nitalijuaje?

Kazini tupo. Chumba chetu cha tezi, pale nyuma ya machinjio ulipokuwa unanisubiri ukitoka shule, bado ni kilekile, na mimi bado ndiye mkubwa wa meza. Ng'ombe akipasuliwa wenzangu wanagombania maini. Mimi naletewa kongosho. Nalitoa mafuta na kulitia kwenye barafu mbio mbio, maana ukilichelewesha linajila lenyewe, na ile insulini wanayoitafuta ndani yake inapotea. Jina la Fundi Kongosho limenikaa mpaka mhasibu ananiita hivyo, nadhani la kweli amelisahau.

Ila kuna kitu kinanikereketa. Lori la kampuni ya dawa lilikuwa linakuja kila jioni. Siku hizi linakuja Jumatatu na Alhamisi tu. Nimemuuliza dereva, akasema, "Mzee, mimi naambiwa endesha, naendesha." Wewe uko hukohuko kwenye mambo ya dawa, umesikia lolote? Halafu hiyo kazi yako hujawahi kunieleza vizuri. Dawa gani mnayotengeneza?

Mama yako anadai kalamu. Namwachia nafasi hapa chini.

Mjomba wako

Mwanangu kula. Vaa soksi. Nimekuota tena umesimama mlangoni huingii. Mama.


6 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na umpe Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, asije akasema nimejifanya mkubwa. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, juu ya karakana ya kutengeneza baiskeli. Dirisha langu linatazama ukuta, lakini kila asubuhi nasikia kengele za baiskeli zikijaribiwa, na nimezizoea kama watu wengine wanavyozoea majogoo.

Ulitaka kujua kazi. Ni mitambo tu, Mjomba. Mapipa ya chuma marefu kuliko nyumba yetu, na mimi naangalia joto, hewa na chakula kinachoingia. Tunavaa nyeupe mwili mzima, macho tu ndiyo yanabaki nje, kwa hiyo nina rafiki niliyefanya naye kazi miezi mitatu kabla ya kujua kwamba ana mwanya. Kuhusu lori sijui la kusema. Labda barabara.

Mwambie Mama soksi navaa. Na mwambie mwandiko wake nimeucheka: mstari umeanzia chini ya jina lako ukapanda mpaka juu yake, kama mtu aliyekosea mlango.

Juzi dukani mwanamke alikohoa nyuma yangu, kikohozi cha Mama kabisa, kile cha kukata kati. Niligeuka nikiwa nimeshafungua mdomo kuita. Alikuwa mtu mwingine, akanishangaa. Nilinunua vitu nisivyovihitaji ili nipate sababu ya kubaki karibu naye hadi akohoe tena. Hakukohoa.

Mkataba unasema hakuna likizo mpaka miaka miwili itimie. Bado mwaka na zaidi.

Kiherehere wako


2 Mei

Kwako mpwa wangu,

Tuwie radhi kwa ukimya. Tupo, tunapumua. Kuku ametaga, akayaatamia mayai yake mwenyewe, na ukimsogelea anakutazama kama umekuja kudai kodi.

Chumba cha tezi kimefungwa. Meneja alituita wote uani, akasema kampuni haitaki tena makongosho, sasa wana insulini inayotengenezwa na vijidudu. Mkata mifupa akauliza, "Kwani vijidudu nao wana kongosho?" Watu wakacheka mpaka meneja mwenyewe akacheka. Mimi sikuweza. Nimehamishiwa kwenye ngozi, natia chumvi. Kazi si mbaya. Inauma tu ukiwa na kidonda.

Halafu na hospitali nao wamekuja na hiyohiyo. Daktari ameona mapaja ya mama yako, yale mashimo yaliyochimbika kila mahali anapojidunga, akasema mwili wake unaikataa dawa ya ng'ombe na ahamie hii mpya. Mama yako amekataa katakata. Alimwambia daktari mbele yangu, "Miaka yote hii nimeishi kwa mkono wa mdogo wangu. Leo nianze kujidunga wadudu, yeye akirudi jioni nimtazame kwa uso gani?" Daktari akanigeukia mimi nimshawishi.

Sikumshawishi. Unajua kila nilipokaa pale mezani nilikuwa najiambia labda hiki ninachokishika ndicho kitakachomrudia dada yangu kwenye chupa. Walishanieleza kwamba makongosho yanachanganywa kwa maelfu, kwamba haiwezekani kujua. Najua. Lakini nilikuwa najiambia hivyo, na siku zilikuwa zinakwenda.

Mama yako leo haandiki. Mkono umechoka. Anakusalimu sana.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nikizirefusha nitakosa ujasiri.

Hao vijidudu ndio walio kwenye mapipa yangu. Nilijua tangu siku ya kwanza hapa, na ulipoandika habari za lori nilijua kwa nini limepunguza safari. Nilishindwa kukwambia. Nimechana barua tatu.

Sasa nisikilize, kwa sababu ya Mama. Mwili wa mtu una maelekezo yake ya kutengeneza insulini. Wataalamu wameyachukua maelekezo hayo ya mtu wakayapandikiza ndani ya bakteria, kidudu kidogo hata jicho halikioni. Bakteria hajui kwamba si yake. Anayasoma, anatii, anatengeneza. Sisi tunampa joto, tunampa hewa, na tunamlisha sukari. Ndiyo, sukari, na ukitaka kucheka cheka, mimi nilicheka. Wanazaana mpaka pipa zima linakuwa zito kama uji. Tukishawavuna tunawapasua, tunatoa kilichomo, tunakisafisha na kukisafisha tena mpaka inabaki insulini peke yake. Hakuna mdudu anayefika kwenye chupa. Na kinachofika si cha ng'ombe, ni kilekile ambacho mwili wa Mama ungekitengeneza wenyewe kama ungeweza. Ndiyo maana mwili wake hautakuwa na sababu ya kukikataa kama unavyokataa cha ng'ombe.

Mwambie akubali. Kama anaona aibu kwako, mwambie wewe. Na kama anaogopa wadudu, mwambie nawalisha mimi.

Unikasirikie upendavyo. Lakini Mama hajawahi kuchoka mkono. Huyu ni mtu aliyekuwa anaandika orodha ya sokoni huku anakoroga sufuria. Kuna nini?

Kiherehere


14 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijapata jibu, na sijui kama barua yangu imepotea au imefika vizuri mno.

Kila nikirudi kazini napitia kwenye kisanduku cha barua hapo chini. Fundi baiskeli ameshanijua, ananiona kwenye kona tu anatikisa kichwa kuniambia hamna kitu. Jana hakutikisa, nikakimbia. Ilikuwa tangazo la magodoro.

Niandikieni hata matusi. Hata habari za kuku.

Mimi


20 Agosti

Kwako Kiherehere, mtoto wa dada yangu,

Barua zako zote mbili nimezipata. Tuko hai, na kuku ana vifaranga sita wanaotembea ndani ya nyumba kama wenye nyumba.

Ile ya Mei niliisoma nimesimama, nikaiweka chini ya godoro, nikatoka. Nilikwenda kwenye chumba cha tezi. Hawakukifunga kwa kufuli. Meza wameiosha, ndoano zinaning'inia tupu, na barafu hakuna, kumbe kile chumba kina joto kama vyumba vingine, sikuwahi kujua. Nilikaa pale. Nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Ingekuwa ni wewe ingekuwa rahisi, ningekutukana, ungelia, yangekwisha. Nilikulea uniulize maswali, ukaniuliza mpaka ukamaliza yangu ukaenda kuwauliza wengine. Sasa nimlaumu nani?

Ikanichukua muda mrefu kumsomea mama yako. Nilipomsomea akauliza, "Anawalisha yeye mwenyewe? Kwa mikono yake?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kesho nipeleke kwa daktari." Kisha akanishika mkono. "Wewe umenibeba mpaka hapa. Mwache na yeye anipokee." Mpwa wangu, nilikwenda nje kuwatazama vifaranga kwa muda mrefu sana.

Ameanza dawa yenu. Pale anapojidunga sasa hapachimbiki tena.

Sasa lile nililokatazwa. Nimeapishwa mara mbili na leo navunja kiapo. Mama yako haoni. Jicho la kulia lilifunga Januari. La kushoto damu inavuja ndani yake, anaona kama mtu anayechungulia kwenye pazia lililotobokatoboka, hapa anaona, hapa haoni, na matundu yanazidi kuzibika. Ndiyo maana mstari ulipanda. Daktari wa macho anasema litafunga, lini hajui. Mama yako anasema usiambiwe, utaacha kazi. Lakini jana nimemkuta ameshika ile picha yako ya kumaliza chuo, anaisogeza kushoto, anaisogeza kulia, na aliponisikia akaiweka chini ya mto kama mtoto aliyeiba.

Nilijaribu kupiga simu kazini kwenu. Akapokea mtu anayezungumza lugha ya puani, na masikio yangu unayajua, msumeno uliyala zamani. Nikamwambia "asante sana" nikakata.

Njoo, kama kuna njia. Na unijibu swali moja, hata kama jibu litaniumiza: ni ile dawa ya ng'ombe iliyomharibia macho?

Mjomba wako


11 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo nyingi. Naanza na swali lako. Hapana. Nimemuuliza daktari wa hapa kazini, nimemuuliza mara mbili kwa maneno tofauti ili asinidanganye kwa huruma. Ni sukari yenyewe, miaka na miaka, inaila mishipa midogo ya jicho. Ile dawa ya meza yako ilikuwa inapigana nayo muda wote huo. Bila hiyo mimi ningekuwa yatima kabla sijajua kusoma. Usiulize tena.

Nilipoipata barua yako nilikwenda na viatu vya ndani kwa mkuu wa zamu. Akasoma mkataba, akanionyesha kwa kidole. Miaka miwili. Nikamwambia mama yangu anapofuka. Akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini pipa kubwa lilikuwa limefikia siku ya kuvunwa na watu hawatoshi.

Jumanne nikaingia zamu ya asubuhi nikakuta povu limepanda mpaka juu ya kioo cha pipa. Nikachukua kidogo kupima. Ule uji mzito ulikuwa umegeuka maji. Bakteria nao wana maradhi yao, Mjomba, kuna virusi vinavyowala wao tu, vinaingia ndani yao, vinazaana, vinawapasua wote kabla hujamaliza chai. Pipa zima lilikufa, na la pili, na la tatu. Wametoa amri kila kitu kipikwe kwa mvuke, kila bomba, kila koki, na wasiohusika na usafi waende majumbani mpaka waitwe.

Wenzangu walilia kwa hasara ya kazi ya miezi. Mimi pia nililia, wakanipiga mabega kunituliza. Sikuwaambia ninalilia nini.

Nafika kabla mwezi haujaisha. Usimwambie Mama. Hapana, mwambie. Mwambie asubiri.

Kiherehere


28 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, nimekuta chumba kinanuka vumbi. Mitambo imewashwa tena na wameniita siku ileile.

Bado niko huko kwenu. Nikifumba macho namwona Mama alivyokuwa amekaa kwenye kiti, gauni la buluu, vifungo vimepishana kimoja. Nilidhani atanikumbatia. Akasema, "Kaa hapo kwenye mwanga." Akanishika kidevu, akaanza kuugeuza uso wangu polepole, nyusi moja, halafu pua, halafu kona ya mdomo, kila kipande akikisubiri kipite kwenye tundu lake. Nikaanza kucheka kwa woga. "Usicheke," akasema, "ukicheka uso unahama." Nikatulia. Machozi yalinishuka na sikuyafuta maana alikuwa hajafika mashavuni.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo, wewe ulikuwa unajifanya kutafuta kitu uani. Nilikuona.

Na siku ile nilipomdunga mimi, akauliza, "Huyu ni wa pipa lipi?" Nikamwambia la pili kutoka mlangoni. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua.

Niliposema nitaacha kazi nibaki, nilijua wewe unataka niseme tena. Mama ndiye aliyejibu, "Rudi. Kuna mama za watu wanasubiri." Nimerudi. Sijui kama nimefanya sawa. Leo nimesimama mbele ya pipa nikashika ubavu wake, lilikuwa na joto la mwili wa mtu, nikabaki nimelishika hadi rafiki yangu mwenye mwanya akaja kunitoa.

Kiherehere wako


19 Novemba

Kwako mpwa wangu,

Salamu zako tumezipokea, nimezisoma kwa sauti mara nne kwa amri. Kuku na familia yake wazima.

Jicho limefunga. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Aliniita kwa sauti ya kawaida tu, nikadhani anataka chai. Akasema, "Mdogo wangu, nje kumekucha?" Jua lilikuwa linampiga usoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ndiyo hivyo," akaomba hiyo chai.

Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, na yeye akanipapasa kichwa akasema nimeanza upara. Siku ya tatu alisema nisihangaike. "Alikuja kwa wakati. Nimeshamtazama wote."

Sasa kila anayeingia kumpa pole anasimuliwa wewe. Amewahadithia jirani, muuza maziwa, na yule meneja aliyetufungia chumba, maana alipita kunijulia hali, ungemwona alivyokaa kwa adabu. Anawaambia umekonda shingoni lakini mikono imejaa, una alama mpya ya kuungua kwenye kiganja, jino la pembeni limeanza kupishana na mwenzake. Na anasema una mvi, upande wa kushoto, nyuma ya sikio, pale unapofunga nywele.

Mimi nilikaa nawe wiki tatu nikitazama kwa macho yangu mawili mazima, na mvi sikuziona. Nimembishia. Kasema nikuulize.

Niambie kweli, zipo?

Mjomba wako


8 Desemba

Mjomba wangu, shikamoo,

Nilifungua barua yako kwenye ngazi, nikakaa hapohapo, fundi baiskeli akaniruka na gurudumu lake bila kuuliza. Nikapanda juu. Nimechukua kioo cha ukutani nikakitazamisha na kile kidogo cha mkononi, nikafungua nywele, nikazigawa nyuma ya sikio la kushoto. Nilitafuta sana, mwanga ulikuwa hafifu.

Zipo. Mwambie zipo.